Pointa za Jana kwenye Mizani ya Makere

Kwa muda wote ambao ghala lile la maharage liliendeshwa kwa sola, programu ya mizani haikukosea hesabu. Ilianza kukosea ulipokuja umeme wa uhakika. Karani akahitimisha kwamba umeme mpya ni mkali mno na umeunguza kitu ndani ya kompyuta, na kwa sababu hiyo nikaitwa mimi, ingawa kuungua kwa vyombo si fani yangu.

Fani yangu ni programu. Nakaa Kasulu mjini, na sehemu kubwa ya riziki yangu haitokani na kuandika vitu vipya bali na kurithi vya wengine: mfumo wa duka ambao aliyeuandika hapokei tena simu, daftari la kikoba lililowekwa kwenye kompyuta na mtoto wa mwenyekiti kabla hajaenda chuo, na mambo ya namna hiyo. Ghala la Makere lilikuwa urithi wa aina hiyohiyo. Makere iko kwenye barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, na biashara yake haifanani na ya kijiji kingine chochote cha Buha, kwa sababu jirani yake ni Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani na ambayo kuanzia 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu kwa maelfu. Mnunuzi wa mazao mahali kama hapo hawezi kutegemea majina. Akina Bahati ni wengi, na jina moja la Kiha karani mmoja ataliandika hivi, mwenzake vile. Kwa hiyo kila mkulima ana kadi yenye namba, na namba hiyo ndiyo inayoingizwa gunia linapopanda kwenye mizani.

Mashine ni laptop ya mtumba yenye Linux ya biti 64, betri yake ilishakufa zamani. Programu imeandikwa kwa C, mistari isiyofika elfu moja, na kijana ambaye sasa yuko Dar es Salaam. Nasema mapema kwamba kijana yule hakuwa mzembe. Nimeona programu za watu wenye vyeti vikubwa zilizo mbaya mara kumi ya ile.

Dalili zilikuwa hivi. Siku ya kwanza baada ya kuwashwa, kila kitu safi. Siku ya pili asubuhi, mzee mmoja alipima magunia mawili na risiti ikatoka na uzito wa manne na ushee. Mama mwenye ghala akamtazama karani kwa jicho baya. Karani akaapa. Wakamwingiza mkulima mwingine, risiti ikatoka sawasawa. Wa tatu alipoingizwa, programu ilikufa palepale. Wakaizima mashine, wakaiwasha, na kutwa nzima haikukosea tena, mpaka asubuhi iliyofuata.

“Fundi, ukiizima inapona,” karani aliniambia kwenye simu. “Sasa mbona haiponi bila kuzimwa?”

Nikamwambia wamalize siku ile kwa daftari, asiizime tena mpaka nifike, na asitupe risiti hata moja.

Ndani ya programu, wakulima wa siku wanakaa kwenye jedwali la hashi. Namba ya kadi inasagwa kwa hesabu iitwayo FNV-1a, iliyopewa jina la watu watatu, Fowler, Noll na Vo. Unaanza na 2166136261, kila herufi ya kadi unaichanganya kwa XOR kisha unazidisha kwa 16777619, na mwisho unabakiza biti 12. Biti 12 zinatoa namba kati ya 0 na 4095, nayo ndiyo namba ya chumba. Kila chumba kina pointa moja, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu. Kama hakuna mkulima, pointa inatakiwa kuwa NULL, yaani isiyoelekea popote. Kama yupo, pointa inaelekeza kwenye rekodi yake, na rekodi hiyo ina pointa ya kwenda kwa mwingine aliyeangukia chumba hichohicho. Kumpata mtu mmoja hakuhitaji kupekua vyumba 4096, unakwenda moja kwa moja kwenye kimoja.

Yote hayo yana sharti moja tu: kabla ya mkulima wa kwanza kuingia, vyumba vyote 4096 viwe na NULL. Jedwali halina namna ya kujua kama pointa liliyoikuta ni ya kweli au ni uchafu. Likikuta kisicho NULL, linakifuata.

Mistari miwili iliyokuwa na dhamana ya sharti hilo ni hii:

    j->vyumba = malloc(4096 * sizeof(struct mkulima *));
    memset(j->vyumba, 0, sizeof(j->vyumba));

Msomaji asiye na mazoea ya C ataona mambo yako sawa. Mstari wa kwanza unaomba nafasi ya pointa 4096, yaani baiti 32,768. Mstari wa pili unaonekana kuifuta nafasi hiyo kwa sifuri. Lakini `vyumba` hapo ni pointa, na `sizeof` ya pointa kwenye mashine ya biti 64 ni baiti 8. Kilichofutwa ni chumba namba 0 peke yake. Vilivyobaki, 4095, vimeachwa kama vilivyokuja.

Kwenye folda niliikuta nakala ya zamani ya faili, na ikanieleza kosa lilivyoingia. Mwanzoni vyumba vilikuwa safu ya kawaida iliyotangazwa ndani ya muundo, `struct mkulima *vyumba[4096]`, na kwa safu ya namna hiyo `sizeof` inatoa 32,768 kamili. Memset ilikuwa sahihi. Baadaye wakulima wakaongezeka, kijana akataka jedwali liweze kukua, akabadili tangazo kuwa pointa na kuongeza malloc. Mstari wa memset haukuguswa kwa sababu hakuna kilicholalamika. Naona makosa mengi ya kumbukumbu yanaingia hivi, kwa mabadiliko mazuri yaliyofanyika mistari kadhaa juu ya mstari uliokuwa mzima.

Hakuna kilicholalamika kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Kompaila ya GCC, tangu toleo la 4.8, inalitambua kosa hili hasa na kulitolea onyo ukiijenga programu kwa `-Wall`. Skripti ya kujengea haikuwa na `-Wall`. Nilipoiongeza, onyo lilitoka likiwa limeelekeza kidole kwenye mstari wenyewe.

Sasa, kama vyumba 4095 havikufutwa, kwa nini programu ilifanya kazi misimu yote ile? Hapa watu wengi wanajidanganya, hata wazoefu. Malloc haiahidi kumbukumbu tupu, inaahidi ukubwa ulioomba, basi. Ni kama gesti ya stendi: ufunguo unapewa, lakini kama shuka zimebadilishwa utajua ukishaingia. Ila mchakato mpya unapoanza, kumbukumbu yake inatoka kwa kernel, kiini cha mfumo endeshi, na kernel hufuta kila ukurasa kwa sifuri kabla ya kuutoa, isije programu moja ikasoma siri za nyingine. Kwa hiyo malloc ya kwanza kabisa ya programu iliyoanza sasa hivi, mara nyingi inakuta sifuri. Hakuna aliyemwahidi mwandishi sifuri hizo. Alizikuta, akajaribu programu yake, ikafanya kazi, akaenda zake.

Mambo hubadilika kumbukumbu inaporudishwa kwa `free` na kuombwa tena ndani ya mchakato uleule. Hapo kernel haihusiki. Maktaba ya C inachukua kipande kilichorudishwa, inakiweka kwenye orodha yake, na kukitoa kwa mwombaji anayefuata kikiwa na vyote vilivyomo. Tena glibc, maktaba inayotumika kwenye Linux nyingi, huandika pointa zake yenyewe kwenye baiti za mwanzo za kipande kilichorudishwa, ili ijue kipande kinachofuata na kilichotangulia. Kipande cha ukubwa ule kinaandikwa pointa mbili, wakati mwingine nne. Jedwali linalopewa kipande hicho bila kukifuta linakuta kwenye vyumba vyake vya mwanzo anwani halisi, zenye sura ya pointa halali, zinazoelekea ndani ya maktaba. Na kwenye vyumba vingine linakuta wakulima wa jana.

Programu ya mizani ina amri ya kufunga siku. Ikibonyezwa, inachapa jumla, inarudisha rekodi za wakulima wote, inarudisha jedwali, kisha inaomba jedwali jipya kwa ajili ya kesho. Zama za sola amri hiyo ilibonyezwa jioni, halafu Mama anazima inveta ili betri zisiishe, laptop isiyo na betri inakufa papo hapo. Kesho yake mchakato mpya, kurasa mpya, sifuri kila mahali. Jedwali chafu lililotengenezwa jioni halikuishi hata dakika tano, na halikuwahi kuonana na mkulima.

Kisha gridi ikaja. Wakazi wa Kigoma wanaijua habari hii: kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilikula umeme wa majenereta ya dizeli, mpaka mwaka 2022 zilipoungwa kwenye gridi ya taifa kwa laini inayopitia Nyakanazi. Laini ilipofika ghalani, hakukuwa tena na sababu ya kuzima mashine jioni. Kulikuwa na faida kuiacha, kwa sababu mlinzi alichajia simu kwenye USB zake. Jedwali lililozaliwa jioni likalala, likaamka asubuhi, na wakulima wakaanza kupangiwa vyumba vyenye wenyewe.

Kidokezo kilichonishawishi kabla sijafungua hata faili moja kilikuwa kwenye risiti. Nilimkuta karani amezibana zote kwa kipini, na zile zenye uzito wa ajabu nikaziweka upande. Kwenye mbili kati ya hizo, mahali pa jina la mkulima palikuwa na alama chache zisizosomeka, kama sita hivi, kisha patupu. Namba ya kadi ilikuwa sahihi. Jina tu ndilo lililoliwa.

Rekodi ya mkulima kwenye programu ile inaanza na jina, kisha kadi, kisha kilo, kisha pointa ya mkulima anayefuata. Rekodi ikirudishwa, glibc inaandika pointa yake kwenye baiti 8 za mwanzo, yaani juu ya jina. Anwani kwenye mashine ya aina hii inajaza baiti 6, mbili za juu zinabaki sifuri, na kwa C sifuri ndiyo mwisho wa maandishi. Kichapishi kilichapa anwani ya kumbukumbu kana kwamba ni jina la mtu, kikafika kwenye sifuri, kikanyamaza. Kadi na kilo zilikuwa mbele zaidi ndani ya rekodi, hazikuguswa. Ndiyo sababu yule mzee alipoingiza kadi yake, programu ilimfuata kwenye chumba chake, ikamkuta yeye mwenyewe wa jana, kadi inalingana, ikajumlisha magunia ya leo juu ya yale ya jana. Hesabu ya kujumlisha ilikuwa sahihi kabisa.

Wakulima wengine hawakupatwa na kitu kwa sababu vyumba vyao, jana yake, havikuwa na mtu. Na yule wa tatu aliyeiua programu, chumba chake kilikuwa na anwani ya rekodi ambayo eneo lake lilishakatwa na kupewa mambo mengine, programu ikasoma takataka kama pointa, ikarukia mahali ambapo hakuna kitu.

Dhana ni dhana, lazima ithibitishwe. Kasulu ningetumia Valgrind, chombo kilichopo tangu 2002, kinachofuatilia kila baiti na kukwambia programu ilipofanya uamuzi kwa kutumia baiti ambayo hakuna aliyeiandika. Lakini Valgrind haikuwamo kwenye laptop ile, bando langu lilikuwa linakaribia kuisha, na Valgrind hupunguza kasi ya programu mara kumi, ishirini, hata zaidi, kwenye mashine ambayo tayari inajivuta. Glibc yenyewe ina kitu kidogo ambacho watu hawakitumii vya kutosha. Unaandika hivi kabla ya kuendesha:

    MALLOC_PERTURB_=165 ./mizani

Na kila kipande kinachotolewa na malloc kinajazwa uchafu wa makusudi, na kila kinachorudishwa kinajazwa uchafu mwingine. Kwa 165, kinachorudishwa kinajazwa baiti 0xA5 na kinachotolewa kinajazwa kinyume chake, 0x5A. Sifuri za bure kutoka kwa kernel zinatoweka. Hakuna cha kupakua, hakuna cha kujenga upya. Niliingiza kadi ya kwanza, programu ikafa hapohapo, siku ya kwanza, bila kusubiri kesho.

“Umeiua kabisa?” Mama aliuliza kutoka mlangoni.

“Hapana Mama, nimeilazimisha iumwe mbele yangu.”

“Haya mwanangu. Ila watu wa Mvugwe wameshafika na fuso.”

Kwa hiyo niliandika dawa huku mizani ikiendeshwa kwa daftari, na karani akiwa na furaha ya mtu aliyesafishwa jina. Sikurekebisha ule mstari wa memset peke yake. Kuongeza nyota moja na kuzidisha kwa 4096 kungetosha kwa siku ile, lakini programu ilikuwa inaomba vyumba mahali patatu: inapoanza, inapofunga siku na inapokuza jedwali. Sehemu tatu zinazofanya kazi moja zitatofautiana siku moja. Nikaandika mlango mmoja:

    static struct mkulima **vyumba_vipya(size_t n)
    {
        struct mkulima **v = calloc(n, sizeof *v);
        if (v == NULL)
            return NULL;
        for (size_t i = 0; i < n; i++)
            v[i] = NULL;
        return v;
    }

Mwenzangu wa Kigoma mjini, tunayetumiana kazi zetu tukosoane, aliona kitanzi hicho na kunicheka. Calloc imeshafuta, unafuta nini tena? Tumebishana sana juu ya hili na wala hatujamaliza. Calloc inajaza biti zote sifuri. Kiwango cha C, tangu cha kwanza cha mwaka 1989, hakisemi kwamba pointa NULL ni biti zote sifuri, kinasema tu kwamba ukiandika NULL kwenye pointa unapata pointa isiyoelekea popote. Ziliwahi kuwepo mashine ambazo pointa tupu haikuwa sifuri ndani: Prime 50 zilitumia segmenti 07777, na baadhi ya mashine kubwa za Honeywell-Bull zilitumia 06000. Mwenzangu anajibu kwamba Honeywell-Bull haijawahi kupita Makere, na kwamba kiwango cha POSIX cha mwaka 2024 sasa kinataka biti zote sifuri ziwe NULL. Ana haki. Kwenye Linux calloc peke yake inatosha, na kwa jedwali la vyumba milioni kadhaa mimi mwenyewe ningekiondoa kitanzi, kwa sababu kinagusa kila ukurasa na kuilazimisha kernel ilete kurasa ambazo pengine zisingehitajika leo wala kesho. Kwa vyumba 4096 mara moja kwa siku, gharama yake haipimiki, na atakayeirithi programu hii baada yangu ataona kwa macho kwamba chumba kinaanza na NULL kwa kukusudiwa.

Sababu nyingine ya kuchagua calloc badala ya malloc ni hesabu ya kuzidisha. Ukiandika `malloc(n * sizeof *v)` na n ikawa kubwa kupita kiasi, matokeo ya kuzidisha yanazunguka na kuwa namba ndogo, unapewa nafasi ndogo huku programu ikiamini ni kubwa. Calloc inapokea namba mbili kando kando na inapaswa kukataa zikizidi. Nasema inapaswa kwa sababu mwaka 2002 iligundulika kwamba calloc za maktaba nyingi zilikuwa hazikagui, zikarekebishwa.

Sehemu ya kukuza jedwali ndiyo iliyonitisha zaidi, ingawa ilikuwa haijawahi kuendeshwa, kwa kuwa wakulima wa siku moja hawajafika robo tatu ya 4096. Ilikuwa inatumia realloc kuongeza vyumba kutoka 4096 hadi 8192. Realloc inahifadhi nusu ya kwanza na kuiacha nusu ya pili bila kuifuta, hilo moja. La pili ni kwamba jedwali likiwa na vyumba 8192 tunabakiza biti 13 za hashi badala ya 12, kwa hiyo takriban nusu ya wakulima wanatakiwa kuhamia vyumba vipya. Realloc haihamishi mtu. Siku ambayo ghala lingepata wakulima wengi, nusu yao wangepotea machoni pa programu na kuandikishwa upya kana kwamba ni wageni, na wengine wangeangukia kwenye uchafu. Nikaiandika upya: omba vyumba vipya kupitia mlango ule mmoja, hamisha kila mkulima kwa kumpigia hashi yake, kisha ndipo urudishe vya zamani. Na kama calloc ikirudisha NULL kwa sababu kumbukumbu imeisha, jedwali la zamani libaki lilivyo. Jedwali lililojaa linakuwa na minyororo mirefu, linachelewa kidogo, lakini halimdhulumu mtu.

Upande wa rekodi za wakulima nilibadili mpangilio tu. Zamani rekodi iliunganishwa kwenye chumba kwanza, halafu ikajazwa jina, kadi na pointa yake. Sasa inajazwa yote ikiwa bado mkononi, kisha ndipo chumba kinaelekezwa kwake.

Kijana mmoja anayejifunza kazi kwangu aliniuliza kwa nini basi tusizoee tu kufuta kila kitu kwa sifuri, tumalize. Swali la haki, na kernel ya Linux yenyewe, tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, inaweza kujengwa ili ijifutie kila kumbukumbu inayojigawia. Lakini sifuri haimaanishi utupu kila mahali. Ndani ya kernel hiyohiyo, orodha ya kawaida huwa ya mviringo, na orodha tupu ni ile ambayo kichwa chake kinajielekezea chenyewe. Ukiifuta kwa sifuri umeiharibu. Kwa majedwali ya hashi wana aina nyingine ya orodha, ambayo kichwa chake kina pointa moja badala ya mbili, ili vyumba visile kumbukumbu bure, na hiyo ndiyo inayoanza na NULL. Vilevile kuna majedwali yasiyo na minyororo, ambapo aliyekosa chumba anasogea kwenye kinachofuata. Huko chumba kina hali tatu: kitupu, chenye mtu, na kilichohamwa. Kilichohamwa kinahitaji alama yake, kwa sababu ukikiandika NULL unakata njia ya kuwafikia waliosogea mbele yake. Anayeandika jedwali lazima ajue utupu wa jedwali lake unaandikwaje.

Nikamsimulia pia habari ya Debian, moja ya matoleo ya Linux, kwa sababu nilimwona ameanza kuona kila onyo kama adui wa kunyamazishwa. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL kwenye Debian aliona Valgrind inalalamikia kumbukumbu isiyoandikwa, akaondoa mistari miwili, kelele zikaisha. Mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa unaingiza ubahatishaji kwenye utengenezaji wa funguo za siri. Kilichobaki kutofautisha ufunguo na ufunguo kilikuwa namba ya mchakato, ambayo kwa kawaida ya wakati ule haikuzidi 32,768. Kwa karibu miaka miwili mashine duniani kote zilitengeneza funguo ambazo mtu angeweza kuzihesabu zote, mpaka Luciano Bello alipogundua, na tangazo likatoka Mei 2008. Onyo lilikuwa la kweli, ila lilitaka mtu aelewe baiti zile zilikuwa pale kufanya nini.

Wapo pia waliotumia kumbukumbu chafu kwa akili. Watafiti Briggs na Torczon walichapisha mwaka 1993 namna ya kuweka seti ya namba bila kufuta kitu: safu mbili zinazoelekezeana, na namba inahesabika imo pale tu safu zote mbili zinapokubaliana, hata kama moja imejaa takataka. Ni kazi nzuri sana. Mimi siiweki kwenye mizani ya mtu, kwa sababu inadai msomaji aielewe hoja nzima kabla ya kugusa mstari mmoja, na msomaji anayefuata wa programu hizi huenda ni mtoto wa mwenyekiti.

Nilijenga upya kwa `-Wall -Wextra -Werror`, nikaendesha siku tatu za bandia kwa kubonyeza amri ya kufunga siku mara kwa mara huku MALLOC_PERTURB_ ikiwa imewashwa. Uchafu wa makusudi ukafichua kitu kingine ambacho sikukitarajia: bafa ya kuchapia risiti ilikuwa haiwekwi sifuri ya mwisho jina likijaza nafasi yote. Nikaliondoa hilo pia. Mpangilio ule wa MALLOC_PERTURB_ nimeuacha ndani ya skripti ya kuwashia, unapunguza kasi kwa kiasi ambacho mizani haikihisi.

Ikabaki hesabu ya fedha, ambayo hakuna kompaila inayoirekebisha. Karani na mimi tulikaa na daftari la mlinzi wa lango, ambaye huandika kila gunia linaloingia kwa kalamu, tukalilinganisha na risiti za asubuhi zote mbovu. Waliopunjwa, kwa sababu programu ilikufa kabla ya kuwahesabia gunia la mwisho, Mama aliwapigia simu siku ileile akawalipa tofauti. Waliozidishiwa walikuwa wengi zaidi, na karani akauliza kama awaite warudishe.

“Warudishe na nini, wameshanunua mbolea,” Mama alisema. Akavuta daftari, akaandika jina la kila mmoja na kiasi chake, na juu ya ukurasa akaandika kwamba hayo ni malipo ya awali ya maharage ya msimu ujao.